Chuma cha Vita Katika Udongo wa Nachingwea

Fundi wa magari wa kusini mwa Tanzania akiletewa Land Cruiser kuukuu, haanzi na injini. Hulala chini ya gari na nyundo ndogo, akaigonga chesisi kidogo kidogo kutoka mbele kwenda nyuma, sikio likiwa karibu na chuma. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu kwa ndani hutoa mlio mfu, kama kopo lililojaa mchanga. Kisha hupapasa nyuma ya magurudumu ya mbele, pale ekseli inapoingia kwenye kitovu. Akikuta grisi imelegea kama uji na inachuruzika, anajua sili ya ndani imekwisha na oili ya difu imevuka upande usio wake. Hapo ndipo hutoka chini, akajifuta mikono, na mazungumzo ya bei yakaanza.

Ukaguzi wa namna hii ni jambo la kawaida kwenye njia za Nachingwea na Ruangwa, kupitia vijiji vya kata kama Likunja, ambako gari lisilo na gia ya magurudumu manne hujuta mvua zikishachanganya. Lakini desturi ya kufungua na kuunda upya chuma kilichotengenezwa kwa ajili ya jeshi ni ya zamani katika nchi hii kuliko Toyota yoyote iliyowahi kupita hapa. Inakaribia miaka 80. Na mara ya kwanza, aliyekileta chuma hicho hakukigonga kwa nyundo.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda vita huku ikiwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Frank Samuel, mkuu wa Kampuni ya United Africa, alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Serikali ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, kuitazama ardhi. Kazi yake na wenzake ilimalizika kwa wiki chache, na sehemu kubwa ya nchi waliiona kutoka dirishani mwa ndege. Ripoti yao ilizungumzia zaidi ya ekari milioni 3. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaupigia debe mradi huo, na maeneo matatu yakachaguliwa: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nachingwea ilitegemewa sana kwa sababu mvua yake ni ya kuaminika kuliko ya Kongwa. Kwa ajili yake bandari ya kina kirefu ilijengwa Mtwara na reli ikatandikwa kuja bara.

Matrekta hayakupatikana. Viwanda vilikuwa ndiyo kwanza vinatoka kwenye kazi ya vita, na trekta jipya lilisubiriwa na kila mkulima wa Ulaya na Marekani. Wenye mradi wakageukia mabaki ya jeshi. Makatapila yalinunuliwa kutoka kwenye maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, mengi yakiwa yameshachoka na kupigwa na hewa ya chumvi. Huko Uingereza kampuni ya Vickers-Armstrongs ilichukua vifaru vya Sherman, ikavua mnara na mzinga na kuvigeuza matrekta. Jina nalo liliungwa kama mashine yenyewe: Sherman na Vickers, likawa Shervick.

Kimaandishi, wazo hilo lilipendeza sana: silaha zinageuzwa jembe. Shida ilikuwa kwenye minyororo na beringi. Kifaru huundwa kikimbie, kipigane, na sehemu zake zibadilishwe na jeshi lenye ghala la spea nyuma yake. Trekta hufanya kazi tofauti kabisa. Huvuta polepole, mzigo ukiwa uleule kutwa nzima, siku baada ya siku, vumbi likiingia kila penye mwanya. Kule Kongwa udongo ulikuwa na chembe ngumu za mchanga zilizolamba majembe kama msasa, na jua likishaupiga ulikauka ukawa kama saruji. Miezi michache baada ya katikati ya mwaka 1947, theluthi mbili ya matrekta yaliyoagizwa yalikuwa yamesimama. Mwaka huo zilifyekwa ekari 7,500 hivi, wakati lengo lilikuwa 150,000.

Nachingwea haikuwa na udongo mkatili kiasi hicho, lakini ilikuwa na miti. Miombo mikubwa yenye mizizi mipana haing'oki kwa haraka, na kila ekari iligharimu mafuta na vyuma kuliko ilivyokadiriwa. Reli ilipofika mwaka 1949, uamuzi wa kuufunga mradi ulikuwa umebakiza muda mfupi. Januari 1951 ulifutwa, na takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikaandikwa hasara. Njia ya reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mjini Nachingwea, jina la Stesheni limebaki.

Simulizi nyingi za mradi wa karanga huishia kuwacheka Waingereza. Zinaacha nje jambo lililo muhimu zaidi kwa historia ya hapa, nalo ni karakana. Vijana wa Tanganyika waliajiriwa kuendesha mashine hizi na kuzifungua, wengi wao wakikutana na injini ya dizeli kwa mara ya kwanza. Mashine moja ilipokufa, nyingine ilichunwa viungo ili ile ya kwanza ifufuke. Jeshi lina neno lake kwa kazi hiyo. Gereji ya mtaani huiita tu kutoa spea, na ndivyo inavyofanywa mpaka leo.

Kisha yakatokea mageuzi ambayo mipango ya London haikuyaota. Mashamba yaliyosafishwa kwa vifaru vilivyovuliwa mizinga yakageuka kuwa ya kijeshi. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilianza vita dhidi ya Wareno Septemba 25, 1964, na kambi yake kuu ya mafunzo ikawa Nachingwea, kwenye eneo lililoendelea kuitwa kwa namba ya kilimo: Farm 17. Kongwa nako, mabaki ya mradi yaliwapokea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Kutoka Nachingwea wapiganaji walisafirishwa kuelekea mto Ruvuma, na majeruhi walirudishwa hadi hospitali ya FRELIMO iliyokuwa Mtwara. Mei 1975 kiongozi wa FRELIMO, Samora Machel, aliondoka Nachingwea kuanza safari ya ushindi ndani ya Msumbiji, iliyoishia kwenye uhuru wa Juni 25. Barabara zilizochongwa kwa ajili ya karanga zilikuwa zimebeba vita vya ukombozi.

Ufilipino zilikotoka zile mashine chakavu za karanga ndiko lilikoanzia pia gari la Kijapani linalotawala barabara hizi leo. Jeshi la Japani lilipoingia huko mwaka 1941 lilikamata kigari cha Kimarekani cha aina ya jipu, likakipeleka kwao na kuiamuru Toyota iunde kinachofanana nacho. Mfano wa kwanza uliitwa AK10. Vita vilipokwisha kazi hiyo ilisimama, ikarudi kwa mlango mwingine. Vita vya Korea vilianza mwaka 1950, Wamarekani walihitaji magari karibu na uwanja wa mapigano, na Januari 1951 Toyota ikatoa BJ, yenye injini ya lori. Julai mwaka huo mwendeshaji wa majaribio, Ichiro Taira, aliipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita.

Hata hivyo, polisi wa akiba wa Japani waliichagua Mitsubishi, iliyounda jipu kwa leseni ya kampuni ya Kimarekani ya Willys. Toyota ilibaki na wateja wa misitu, wa umeme na wa polisi wa vijijini, na mwaka 1954, kwa sababu neno Jeep lilikuwa na mwenyewe, Hanji Umehara wa Toyota akalipa gari hilo jina la Land Cruiser. Kushindwa kwa zabuni ile ndiko kulikolifungulia gari hilo dunia nzima. Japani ilijiwekea masharti ya kutouza silaha nje mwaka 1967 na kuyakaza mwaka 1976, kwa hiyo magari ya jeshi lake hayakuja Afrika. Land Cruiser ya kiraia ilikuja. Mwaka 1987 wapiganaji wa Chad waliyatumia magari hayo kuyashinda majeshi ya Libya yenye vifaru, na vita hivyo vikapewa jina la Toyota.

Kusini mwa Tanzania gari hili limefanya kazi ya amani zaidi. Limebeba chanjo, mitihani, maiti na wajawazito. Msimu wa korosho na ufuta limebeba wanunuzi na fedha. Mfululizo wa 70, ulioanza Novemba 1984, ndio ambao watu huuita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo kama mkonga wa tembo. Injini yake ya 1HZ ina silinda sita na sentimita za ujazo 4,164, dizeli tupu isiyotegemea kompyuta. Ukiwa umbali wa siku nzima kutoka Dar es Salaam, hilo lina uzito kuliko nguvu za farasi. Usukani uko kulia, kwa kuwa Wajapani nao huendesha kushoto mwa barabara, na gari la mtumba hushuka bandarini tayari kwa safari.

Mtumba huo ndio unaohitaji jicho kali zaidi. Gari la kutoka Hokkaido, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, linaweza kung'aa kwa rangi huku chesisi imeoza juu ya springi za nyuma. Fundi mzuri hukwangua tope, hutoboa penye shaka kwa bisibisi, halafu hutafuta namba iliyogongwa kwenye chesisi na kuilinganisha na ile ya kadi. Kiraka cha bati kikichomelewa juu ya kutu hukubaliwa kwa lami ya mjini. Kwa barabara ya Ruangwa mwezi Februari sehemu iliyooza hukatwa, kikawekwa chuma kipya chenye unene uleule, na matundu ya kutolea maji yakaachwa wazi. Injini ikishushwa, mkanda wa taimingi hutupwa hata kama unaonekana mzima, maana ukikatika njiani valvu hugongana na pistoni na hasara yake ni ya injini nzima. Sili za mbele hubadilishwa zote mbili, upande unaovuja na usiovuja. Hayo hayakuandikwa kwenye bango la gereji yoyote. Yamejifunzwa kwa kukwama.

Mabaki ya zama za karanga yanazidi kupungua. Mnunuzi wa chuma chakavu hununua kwa kilo, na mnyororo wa trekta una kilo nyingi. Palipo bado na kipande, kinahitaji kupigwa picha, namba yake isomwe kabla haijakatwa kwa gesi, na mzee aliyewahi kukifungua aulizwe alitumia spana gani, bolti gani ilikataa kutoka, na spea ilitolewa kwenye mashine ipi.