Kuwaandaa walimu kufundisha juu ya hedhi bila aibu

Hedhi ni damu inayotoka katika tumbo la uzazi la mwanamke karibu kila mwezi. Si ugonjwa, si laana, wala si dhambi. Hata hivyo wasichana wengi wanaiona mara ya kwanza bila mtu kuwaeleza kitu. Kulingana na ripoti ya UNICEF na OMS ya mwaka 2024, ulimwenguni ni shule 39 tu kwa 100 zinazotoa mafundisho haya. Katika Kongo yetu, makanisa yanasimamia shule nyingi kwa mapatano na Serikali tangu 1977. Kwa hiyo jambo hili ni la kanisa pia.

Kuanza na mwalimu mwenyewe

Mwalimu aliyekua akisikia kwamba mambo haya hayatajwi hawezi kuyafundisha vizuri kwa kupewa kitabu tu. Atasoma ukurasa mbiombio, darasa litacheka, na kicheko hicho ndicho msichana atakachokumbuka.

Kwa sababu hiyo, saa za kwanza za mafunzo ni za walimu wenyewe. Kila mmoja aandike kwenye karatasi, bila jina, yale aliyoambiwa utotoni: kwamba mwenye hedhi asipikie watu, asiingie shambani, asikaribie madhabahu. Karatasi zisomwe, na kila neno lipimwe: je, ni kweli ya mwili, ni desturi, au ni hofu? Kisha walimu wazoee kutamka maneno yenyewe mbele ya wenzao: hedhi, yai, uke, tumbo la uzazi. Kutunza siri ya mtu ni adabu njema. Kumfanya aone haya kwa mwili wake ni jambo lingine.

Walimu wanaume wasiachwe nje, maana katika shule nyingi za vijijini wao ndio wengi. Mwanaume anaweza kueleza mwili na kuzuia dhihaka darasani. Lakini asimwite msichana peke yake, wala asimuulize juu ya hedhi yake. Maswali ya siri ni ya mama mlezi aliyechaguliwa na shule.

Mambo ya kujua kwa hakika

• Hedhi ya kwanza huja mara nyingi kati ya miaka 10 na 15. Basi somo lianze katika shule ya msingi, kabla ya siku hiyo kufika.
• Kila mwezi ukuta wa ndani wa tumbo la uzazi hunenepa. Mimba isipoingia, ukuta huo hubomoka na kutoka kama damu, kwa siku 2 hadi 7.
• Kwa wasichana wadogo, tangu hedhi moja kuanza hadi nyingine zinaweza kupita siku 21 hadi 45. Katika miaka ya kwanza kutofuatana si ajabu.
• Kitambaa au kotex ibadilishwe kila saa 4 hadi 8. Vitambaa vifuliwe kwa maji safi na sabuni, na vianikwe juani. Kitambaa kinachofichwa chini ya godoro hakikauki vizuri, na hapo aibu inaleta ugonjwa.
• Damu ikipita siku 7, au maumivu yakimzuia msichana kusoma, apelekwe kituo cha afya.
• Kupata hedhi si kuwa tayari kwa ndoa. Sheria ya Kongo inakataza ndoa kabla ya miaka 18.

Wavulana wasikie somo hili pamoja na wasichana. Baadaye kila kundi lipewe nafasi yake ya kuuliza.

Swali la Maandiko

Walimu wetu watauliza juu ya Walawi 15, na ni lazima wajibiwe. Sura hiyo inataja pia yanayotoka katika mwili wa mwanaume. Haikuandikwa juu ya wanawake peke yao. Kwa hedhi ya kawaida haidai sadaka yoyote, kwa kuwa unajisi huo ulikuwa wa utaratibu wa ibada, si wa kosa. Katika Marko 5, mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 aligusa vazi la Yesu. Yeye alikuwa mgonjwa, na mwalimu aeleze tofauti hiyo. Lakini Yesu hakumkemea. Alimwita binti mbele ya umati wote.

Basi hakuna sababu ya kumtoa msichana katika kwaya au kumnyima Meza ya Bwana kwa ajili ya hedhi. Hapa wachungaji na wamama viongozi wanahitaji kuketi katika mafunzo yale yale na walimu. Darasa likisema msichana ni safi na mimbara ikisema ni najisi, ataamini mimbara, na atadhani aibu hiyo imetoka kwa Mungu.

Matunda yanayoonekana

Mafunzo yanapimwa kwa yanayobadilika shuleni: choo cha wasichana chenye mlango unaofungika, maji karibu, ndoo yenye kifuniko, vitambaa vya akiba kwa mama mlezi, na mwalimu asiyemlazimisha msichana kusimama ubaoni anapokataa.

Tangu 2014, tarehe 28 Mei ni siku ya kimataifa ya jambo hili. Parokia inaweza kuitumia kuwakutanisha walimu, wazazi na wachungaji, na kupanga masomo ya mwaka mzima wa shule.