Kuipima Dawa ya Kifafa: Kutoka London hadi Nakuru

Ugumu wa kuipima dawa ya kifafa unatokana na tabia ya ugonjwa wenyewe, ambao hupanda na kushuka kiasi kwamba mgonjwa aliyeanguka mara nyingi mwezi huu huweza kupata nafuu mwezi ujao hata kama hakumeza chochote, na sifa ikaiendea dawa, mganga au dua. Mwaka 1857 Charles Locock, daktari aliyemzalisha Malkia Victoria, aliwaeleza wenzake jijini London kwamba kati ya wanawake 14 au 15 aliowapa bromidi ya potasiamu, ambayo ni aina ya chumvi, ni mmoja tu ambaye hakupona. Aliichagua chumvi hiyo kwa kuwa iliaminika kupunguza ashiki, nayo ashiki ilidhaniwa kuwa chanzo cha kifafa kinachoandamana na hedhi. Dawa ilifaa, hoja yake haikufaa. Ushahidi wote ulikuwa kauli yake, na kwa zama zile kauli ya daktari wa hadhi hiyo ilitosha.

Uwezo wa fenobabitali wa kuzuia kifafa nao uligunduliwa kwa bahati mwaka 1912, pale Alfred Hauptmann wa Freiburg, Ujerumani, alipowapa wagonjwa dawa hiyo ya usingizi ili walale, akabaini kwamba walianguka mara chache zaidi.

Mageuzi yalitokea Boston katika miaka ya 1930, ambako Tracy Putnam na Houston Merritt waliamua kuitafuta dawa badala ya kuisubiri. Walipima kiasi kidogo kabisa cha umeme kinachomtia paka kifafa, wakampa paka huyo kemikali waliyoichunguza, kisha wakapima tena. Kiasi hicho kikipanda, kemikali ilikuwa na kinga. Ndivyo fenitoini ilivyojitokeza, kemikali iliyosanisiwa tangu 1908 na kupuuzwa kwa kuwa haikuleta usingizi, ilhali kutosinzisha ndiko mgonjwa alikokuhitaji zaidi. Mwaka 1938 walitangaza kwamba iliwasaidia hata wengi ambao dawa za awali hazikuwafaa, ingawa, na hili halisemwi vya kutosha, hapakuwa na kundi la kulinganishia.

Kasoro hiyo iliondolewa na majaribio ya mgawanyo wa nasibu, yaani yale ambamo bahati, wala si daktari, huamua nani apewe dawa ipi, ili wagonjwa wenye hali mbaya zaidi wasirundikwe upande mmoja. Jaribio la namna hiyo lilifanyika Nakuru, Kenya, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1991: wagonjwa 302 waligawanywa kati ya fenobabitali na kabamazepini, dawa mpya zaidi na ya bei kubwa, wakihudumiwa katika ngazi ya afya ya msingi. Takriban nusu ya waliokamilisha mwaka mzima hawakuanguka hata mara moja katika miezi sita ya mwisho, na dawa hizo mbili hazikutofautiana kwa kiwango cha maana katika kuzuia kifafa.