Risasi Ilipovaa Koti

Neno risasi lina maana mbili katika lugha yetu. Ni ile metali laini na nzito ambayo wavuvi huifunga kwenye nyavu, na ni kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Tumelitoa kwenye Kiarabu, ambako ni jina la metali hiyo hiyo. Zama za magobori hapakuwa na haja ya kutenganisha maana hizo: mtu aliyeyusha risasi motoni, akaisubu kwenye kalibu, akapata risasi.

Mambo yalibadilika miaka ya 1880. Mwaka 1882 Eduard Rubin, ofisa wa jeshi la Uswisi, alibuni risasi yenye kiini laini kilichovikwa koti jembamba la shaba. Miaka miwili baadaye Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi. Baruti hiyo ilikuwa na nguvu nyingi. Kwa kasi yake mpya, risasi tupu ilikwanguka na kuuchafua mtutu, hivyo koti likawa la lazima. Tokea hapo kazi iliyofanywa na mtu yeyote mwenye moto na kalibu ikahamia viwandani, kwa sababu kusubu peke yake hakumvishi risasi koti.

Kazi hiyo ilirudi nyumbani kwa sababu ya uhaba. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, shaba na risasi zilipelekwa jeshini na wawindaji wa Marekani wakakosa za kununua. Mwaka 1943, mjini Oroville, California, Fred Huntington alianza kutengeneza kalibu za chuma katika chumba cha nyuma cha biashara ya udobi ya baba yake. Maganda matupu ya risasi ndogo za 0.22, ambayo watu waliyatupa, yaligeuzwa kuwa makoti. Kiini kilitiwa ndani, kisha vyote viwili vikashindiliwa vikiwa baridi hadi vikapata umbo. Kalibu yake aliipa jina la mnyama mdogo wa milimani aliyewindwa, na herufi za jina hilo ndizo RCBS, kampuni inayojulikana hadi leo. Miaka hiyo hiyo, huko Lewiston, Idaho, Vernon Speer naye alitumia maganda yaliyotupwa. Hivyo ndivyo burudani hii ilivyopata mizizi, na anayeianza leo bado anarithi ufundi wa watu waliookota taka.

Ni hadithi nzuri ya werevu, na huku Marekani husimuliwa hivyo. Lakini sisi wasomaji wa Kiswahili tuna swali la kuongeza: shaba iliyokosekana madukani ilichimbwa na nani?

Sehemu yake ilitoka Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za wachimbaji. Shaba ya huko ilikwenda kwa nchi za Washirika. Kazi iliongezwa, bei za vitu zikapanda, mishahara ikabaki midogo. Desemba 1941 wachimbaji waligoma. Mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, walikusanyika kwenye uwanja wa mpira kudai nyongeza, na askari wakawafyatulia risasi. Makumi walikufa, akiwemo kiongozi wao, Léonard Mpoyi.

Sisemi kwamba fundi wa Oroville ana hatia ya damu hiyo. Alikuwa mtu aliyekosa kitu akajitengenezea. Ila uhaba wake na mgomo wa Katanga vilizaliwa na vita ile ile na metali ile ile. Jina la Huntington limo katika vitabu vya wapenda bunduki. Wengi wa waliouawa uwanjani hatuwajui kwa majina, ingawa walizungumza lugha tunayoisoma hapa. Tukiandika historia ya risasi kwa Kiswahili, tuianzie mgodini kabla ya kufika kwenye kalibu.