Stima, Meli na Shehena

Huku Kinole, katika milima ya Uluguru, hakuna maji ya kuelea chombo. Mananasi na ndizi hushushwa vichwani hadi lilipo lori. Hata hivyo mzigo wa lori hilo twauita shehena, neno la wanamaji. Maneno husafiri mbali kuliko vyombo vilivyoyabeba. Tuitazame meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika.

Chombo hiki kiliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kikafunguliwa vipande vipande, kikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe walikizamisha. Waingereza walikiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 kikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi kilichukua abiria, dagaa na mananasi baina ya Kigoma na Mpulungu. Pasipo gati, mitumbwi ilikifuata ziwani kupakia na kupakua.

Hapo awali kilikuwa stima, maana kiliendeshwa kwa mvuke. Katika miaka ya 1970 mitambo hiyo iliondolewa, zikatiwa injini za dizeli. Je, ilipasa kuunda istilahi mpya? La. Neno "meli" lenyewe lilitokana na neno la Kiingereza la barua zilizochukuliwa na vyombo. Lakini chombo kisicho na barua hata moja ni meli vilevile. Mwundaji wa istilahi na asikilize kwanza kauli ya watumiaji, ndipo aitazame injini.