Kuulizana Njia Katika Nchi ya Asumbi

Asumbi ni misheni na soko jirani na barabara itokayo Rongo, upande wa Migori, kwenda Homa Bay ukingoni mwa ziwa. Na dereva mgeni aiachaye lami huko leo, simu mbele yake, aghalabu husikia sauti ikimwamrisha apinde kushoto baada ya mita 200, naye akifika hapo huona njia mbili za udongo, zote zikielekea kushoto, moja ikipita nyuma ya vibanda na nyingine ikiteremka mtoni, wala hapana neno la kumjulisha ipi iliyokusudiwa. Udhia huu una historia yake, nayo yastahili kuandikwa, kwa kuwa katika nchi hii kumwelekeza mgeni ilikuwa elimu kamili yenye adabu zake.

Kabla ya barabara, njia za Waluo wa kusini mwa Ghuba ya Winam zilikuwa vijia vya miguu vilivyounga boma na boma, kisima na soko. Aliyeulizwa njia hakutaja mkono wa kulia au wa kushoto peke yake. Alitaja kilima, akataja kivuko, akataja mkuyu na boma lililo mbele ya mkuyu, na mkono wake wote ukanyoshwa kuelekea huko. Mahali palipokuwa na utata, mzee alimwita mtoto, akamwagiza amsindikize mgeni mpaka njia panda, amwone ameshika njia ya chini, ndipo arudi. Maelezo yenye shaka yalikuwa aibu ya mwenyeji, si kosa la msafiri, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sheria iliyo bora kupita zote zilizofuata.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani zikaanza kutia nanga Kendu na Homa Bay, walimiminika watu wasioijua nchi. Mapadre wa Mill Hill, waliofika Kisumu mwaka 1903 wakitokea Uganda, walijenga Asumbi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza; na kanisa lao, pamoja na shule na chuo cha ualimu vilivyofuata, likawa alama iliyowaongoza watu wengi, hata leo mwenyeji husema shamba lake liko kabla hujafika misheni au ukishaipita.

Kisha ikaja ramani. Idara ya upimaji wa makoloni, iliyoundwa Uingereza mwaka 1946, ilitumia picha zilizopigwa na ndege kuchora makoloni kwa kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi. Na ramani hizo, pamoja na upungufu wake, zilihifadhi majina ya vilima, mito na shule. Serikali nayo ikazipa barabara herufi na namba: ile kuu itokayo Isebania, kupitia Migori, Awendo, Rongo na Kisii hadi Kisumu, ikawa A1, ilhali ndogo zilipata namba ambazo hata wakaao kando yake hawazijui.

Mwezi wa Mei mwaka 2000, Marekani iliacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya satelaiti zake, na kosa la kupima mahali likapungua kutoka kiasi cha mita 100 hadi chini ya mita 20. Hapo ndipo simu ilipopata uwezo wa kuongoza, na hapo ndipo penye kiini cha utata wetu. Programu huiona barabara kuwa nukta zilizounganishwa kwa mistari. Hupima pembe iliyopo baina ya mstari uingiao na utokao, ikawa pembe ndogo husema shika kushoto, ikawa kubwa husema pinda, kisha hutaja jina la barabara ikiwa lipo. Nje ya lami ya Asumbi jina halipo, kwa hiyo husalia pembe tupu. Na njia mbili zikiachana kwa hatua chache tu, simu yenyewe haiwezi kuthibitisha msafiri yumo katika ipi.

Mwaka 2018 Google ilianza kuwaelekeza waendesha pikipiki wa Kenya kwa Kiingereza na Kiswahili, na mwaka huo huo UNESCO ikaiandika Thimlich Ohinga ya Migori, maboma ya mawe yaliyojengwa bila udongo wala saruji, katika orodha ya urithi wa dunia. Yaani wageni waliitwa, na simu nayo ikafundishwa Kiswahili, kwa wakati mmoja. Lakini Kiswahili hicho kilikuwa cha pembe na mita, hakina mkuyu, kivuko wala kanisa, na mwendesha bodaboda wa Rongo bado husimama stendi akauliza.

Dawa haiko mbali. Vijana wa Kibera waliuchora mtaa wao wenyewe mwaka 2009 katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa mwaka 2004, na wanachuo wa Asumbi waweza kuandika humo kila mashine ya kusagia, kisima na duka lililo kwenye njia panda. Ila hayo yatakuwa kazi bure maadamu watengenezaji wa sauti hawajaiamuru iyatamke, ikamwambia dereva apinde kushoto baada ya kuipita mashine ya kusagia, kwenye njia iteremkayo mtoni.