MAKAO: Jinsi ya kumteua msanifu wa ndani atakayeifaa nyumba yako

WATU wengi humtafuta msanifu wa ndani ya nyumba wakati ambapo fedha zimeanza kuwaishia. Nyumba imejengwa, au imenunuliwa kwa mkopo wa benki ama wa chama cha ushirika, rangi nyeupe ya mjenzi ingali ukutani, na mwenyewe amebaki na akiba ndogo ambayo hawezi kuitumia mara mbili. Kwa sababu hiyo, kumteua mtu atakayekabidhiwa akiba hiyo ni jambo linalohitaji muda mwingi kuliko kuteua rangi ya mapazia.

Kwanza ni vyema kubainisha nani ni nani. Msanifu majengo huchora jengo lenyewe. Mpambaji hushughulikia yale yanayoonekana kwa jicho: rangi, mapazia, mazulia, matakia na picha za ukutani. Msanifu wa ndani yuko kati ya hao wawili. Yeye hupanga matumizi ya nafasi, mahali pa taa na soketi, kabati za jikoni na za nguo, sakafu na dari, kisha huwasimamia mafundi wanaoifanya kazi hiyo. Ikiwa shabaha yako ni sebule ing'are tu kabla ya posa ya binti yako, fundi wa rangi na mshonaji mapazia wanakutosha. Usimlipe msanifu kwa kazi isiyo yake.

Hapa Kenya, Sheria ya Wasanifu Majengo na Wakadiriaji wa Ujenzi, Sura ya 525, haimruhusu mtu kujiita msanifu majengo bila ya kusajiliwa na bodi husika. Ulinzi huo haumfikii anayetafuta msanifu wa ndani. Yeyote aliye na simu yenye kamera nzuri anaweza kujitangaza leo na kupata kazi kesho. Wapo waliosomea ubunifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vinginevyo, na wapo waliojifunzia kazi kwenye karakana za seremala hadi wakawapiku wenye vyeti. Ulizia cheti, lakini kisiwe ndicho kipimo chako pekee.

Kipimo bora ni nyumba aliyoitengeneza, na ambayo watu wameishi ndani yake kwa miaka miwili au zaidi. Picha hupigwa siku ya makabidhiano, kabla ya mtoto hajamwaga uji juu ya kochi, na nyingine huwa zimeazimwa kwenye mitandao ya ng'ambo. Mwombe akupeleke kwa mteja wake wa zamani. Ukifika huko, usishughulike sana na sebule. Fungua kabati iliyo chini ya sinki uone kama mbao zimevimba. Tazama bawaba za milango, viungo vya vigae bafuni, na rangi ya ukuta unaopakana na bafu. Kisha, msanifu akitoka nje kupokea simu, muulize mwenye nyumba maswali mawili: je, gharama iliishia pale ilipotajwa mwanzoni? Na je, baada ya malipo ya mwisho, mtu huyu aliendelea kuitikia simu?

Shemeji yangu, anayeishi Kitengela, hakuuliza lolote kati ya hayo. Alionyeshwa picha kwenye simu, akapendezwa, akalipa sehemu kubwa ya fedha kabla ya kazi kuanza. Seremala aliacha kazi katikati kwa kuwa msanifu hakumlipa ujira wake. Kabati za jikoni zilikuja kumaliziwa na fundi mwingine kwa mbao za unga ulioshindiliwa, zile zinazoitwa MDF, bila ya kingo zake kuzibwa. Bomba la sinki lilipovuja kidogo tu, mbao zikafura kama maandazi. Mbao hizo si mbaya zikitumiwa mahali pakavu na kingo zake zikifunikwa barabara. Chini ya sinki si mahali pake.

Mkutano wa kwanza utakueleza mengi, almuradi usikilize anachouliza badala ya anachosifu. Msanifu anayefaa huuliza kwanza kuhusu maisha yenu. Nani huamka mapema? Watoto husomea wapi? Jamaa wakija kutoka mashambani hulala wapi, na mama mkwe anaweza kupanda ngazi? Viatu huvuliwa mlangoni? Je, kuna anayehitaji pembe tulivu ya kuswali? Jikoni hupikwa ugali na chapati kila siku, au ni jiko la chai na mayai?

Kuna swali moja ambalo mimi hulichukulia kuwa mtihani: maji mnayaweka wapi? Katika mitaa mingi ya Nairobi maji huja kwa mgao, na kila familia ina mapipa na mitungi yake. Msanifu anayekuchorea jikoni isiyo na pa kuficha mapipa hayo, wala pa kuweka mtungi wa gesi wa kilo 13 penye hewa ya kutosha, anakuchorea nyumba ya mji mwingine. Hali kadhalika stima inapopotea. Aliyezoea maisha ya hapa atafikiria dirisha kabla ya taa za darini, na kama una betri ya akiba atatenga mapema soketi zitakazoitegemea.

Suala la hali ya hewa huwaponyoka wengi. Picha nyingi zinazosambaa zimetoka nchi za baridi kali, ambako zulia zito na mapazia ya makunjo mengi husaidia kuhifadhi joto. Ukiyapeleka hayo Mombasa au Malindi, unajitafutia joto, vumbi na uvundo. Hewa ya chumvi hula bawaba na vitasa vya chuma cha kawaida, na ngozi bandia ya makochi hubanduka upesi kwa jasho na unyevu. Wenyeji wa pwani walikwisha kulitatua tatizo la joto zamani. Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, mji ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, kuta ni nene na zimepakwa chokaa, dari ni ndefu, uwanja wa ndani huingiza mwanga na hewa, na zidaka zilizochongwa ukutani huhifadhi vyombo bila ya kabati kubana chumba. Msanifu anayejenga pwani na hajui daka wala kidaka, ni heri aende akazitazame nyumba hizo kwanza. Kwa upande mwingine, anayeishi Limuru hatafurahia sakafu ya vigae vyeupe vinavyoteleza asubuhi ya Julai. Huko mbao chini ya nyayo ni neema.

Akitaka kubomoa ukuta ili jikoni iungane na sebule, asiamue peke yake. Huenda ukuta huo ndio unaobeba uzito wa ghorofa ya juu. Mtafute mhandisi wa majengo, na uulize serikali ya kaunti kuhusu idhini inayohitajika. Mpangaji amwombe ridhaa mwenye nyumba kwa maandishi, na mwenye fleti awaone wasimamizi wa jengo kabla ya nyundo kuinuliwa.

Sasa tuje kwenye fedha. Wasanifu hulipwa kwa njia kadhaa: ada moja iliyoafikiwa, malipo kwa saa, au asilimia ya gharama ya kazi yote. Hii ya asilimia ina mtego wake. Tuseme mmekubaliana asilimia 15 na kazi itagharimu Sh800,000. Ada yake ni Sh120,000. Gharama ikipanda hadi milioni moja, ada inapanda hadi Sh150,000. Kwa hivyo, kila unapookoa shilingi, yeye anapoteza senti. Si kwamba kila anayelipwa hivyo ni mlaghai, bali kwa mwenye bajeti finyu ada moja isiyobadilika ni salama zaidi. Ulizia pia, bila haya, kama hupokea bahashishi kutoka kwa maduka ya vigae na fanicha anakokupeleka. Wengi hupokea. Anayekiri waziwazi na kukupunguzia bei ni wa kuaminika kuliko anayekasirika kwa kuulizwa.

Mkataba uwe wa maandishi hata kama ni binamu yako. Utaje michoro, aina ya mbao na unene wake, aina ya rangi, nani atawalipa mafundi, tarehe za kila hatua, na itakavyokuwa ukibadilisha nia katikati. Malipo yafuate hatua za kazi, na kila shilingi iwe na risiti. Vipimo vya ngazi na milango viandikwe pia. Si mara moja tumeona kochi jipya likirudishwa dukani kwa kukataa kupinda kwenye ngazi za ghorofa ya tatu. Mzozo ukitokea, mdai wa kiasi kisichozidi Sh1 milioni anaweza kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, ambapo si lazima awe na wakili. Lakini bila ya mkataba na risiti utapata taabu kuthibitisha dai lako.

Siku ya makabidhiano, nenda mchana na usiku. Fungua kila droo, washa kila taa, acha maji yatiririke kwa robo saa kisha upapase chini ya sinki. Andika kasoro zote na mtie sahihi nyote wawili. Baki na sehemu ya malipo, kwa mfano asilimia 10, kwa muda mtakaokuwa mmeuandika mkatabani, na ikiwezekana muda huo uvuke msimu wa mvua. Milango ya kabati iliyotengenezwa Januari huonekana imenyooka. Njoo uifungue mwishoni mwa Aprili.