Ukumbi Wetu Ulikuwa Mnazi Mmoja



Aliyewahi kutoka visiwani kwenda Dar es Salaam kununua vitu vya harusi anaijua safari hii. Boti ya asubuhi, kisha Kariakoo mpaka miguu iume: mashuka, mapazia, vyombo, doti za khanga Mtaa wa Uhuru. Sisi tulikwenda watatu kwa ajili ya mdogo wetu. Mchana tukapumzika kwa shangazi yetu aliyeolewa hapo hapo Kariakoo, tukatoa karatasi ya hesabu tukaiweka juu ya meza. Mstari wa kwanza uliandikwa "ukumbi", na mstari huo peke yake ulimeza zaidi ya nusu ya fedha tulizokuwa nazo. Tulikuwa tunafikiria kukopa.

Shangazi aliisoma karatasi, akavua miwani. "Wanangu, mimi nimeingia nyumba hii ikiwa na uani na mti wa mkungu. Ukumbi wa nini? Ukumbi ulikuwa uani, na uani ukijaa, ukumbi ulikuwa barabarani. Na Idi ukumbi ulikuwa Mnazi Mmoja."

Maneno yale tulirudi nayo nyumbani. Tukaanza kusoma na kuulizana: bibi zetu wa Kariakoo walisherehekea vipi kwa fedha kidogo hivyo, na lini ilianza kuwa aibu?

Uwanja uliokusudiwa kututenga

Mji wenyewe una mkono wa visiwani. Sayyid Majid, Sultani wa Zanzibar, ndiye aliyeanza kuujenga katika miaka ya 1860, na mwaka 1867 aliwaandalia karamu kubwa mabalozi wa mataifa ya kigeni. Hiyo ilikuwa sherehe ya kasri, yenye gharama za kasri. Majid alifariki mwaka 1870 na ujenzi ukasimama. Sherehe zilizodumu ni za watu wa kawaida.

Wajerumani walipoufanya mji makao yao makuu, waliupanga kwa rangi za watu: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika nyuma. Katika mipango yao ya mwisho waliwaza kuacha ardhi tupu baina ya Uhindini na mji wa Waafrika. Waingereza, waliouteka mji Septemba 1916, wakaitimiza fikra hiyo katika miaka ya 1920. Sababu waliyoitoa ilikuwa afya. Nyumba ziliondolewa, pakabaki uwanja mrefu. Ndio Mnazi Mmoja.

Upande wa pili wa uwanja ndiyo Kariakoo. Wajerumani walikuwa wamejenga banda la soko hapo kabla ya vita, lakini Waingereza wakapafanya kambi ya wapagazi wa jeshi, wale waliobebeshwa mizigo ya vita na kufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ndimi za watu zikalifanya Kariakoo. Nairobi nao wana mtaa wenye asili hiyo hiyo. Kwa hiyo kila tunaposema "tunakwenda Kariakoo kununua vitu vya bi harusi", tunataja bila kujua kambi ya watu waliokufa bila kuagwa.

Basi tazama jinsi watu walivyoigeuza hukumu. Ardhi iliyoachwa tupu ili Waafrika na Wahindi wasikaribiane ikawa ndipo watu wanapokutana. Haikuwa na mlango, haikuwa na kiingilio. Watoto walichezea hapo, sala za Idi zikasaliwa hapo, mikutano ikafanywa hapo. Nasi visiwani tuna Mnazi Mmoja yetu na Kariakoo yetu, na kila mtoto wa Unguja anajua maana ya kupelekwa huko sikukuu na mkono wa Idi mfukoni.

Uani, mkeka na zamu

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele na uani nyuma. Baraza ilikuwa ya wanaume. Uani palikuwa petu. Hapo ndipo mwali alipofundwa, bi harusi akasingwa liwa na kupakwa hina, mchele ukachaguliwa na masufuria ya pilau yakapandishwa mafigani. Ukihitaji nafasi zaidi, unatandika majamvi barabarani na jirani anajua kwamba leo njia imefungwa, kesho itafungwa kwa ajili yake.

Gharama ilikuwa inazunguka. Leo mimi naleta mchele kilo mbili na mkono wa kupika. Mwakani wewe utaleta. Masinia ya kuazima, mikeka ya kuazima, hata mkufu wa bi harusi ulikuwa wa kuazima. Na sare ilikuwa khanga, vazi ambalo mtu atalivaa tena kesho jikoni, atambebea mtoto, na siku moja ataenda nalo mazikoni. Linganisha na nguo ya shughuli ya leo inayovaliwa usiku mmoja.

Nyuma ya zamu hizo palikuwa na vyama. Baada ya vita vile vya kwanza, mji mzima ulipenda beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, na Dar es Salaam ikagawanyika baina ya Marini na Arinoti. Vyama hivyo vilikuwa na vyeo, sare na matarumbeta, lakini pia vilisaidia wanachama wenye maradhi na vilizika maiti. Wanawake walikuwa na nafasi zao humo, na walikuwa na ngoma zao wenyewe, lelemama ikiwa maarufu zaidi pwani yote. Katika miaka ya 1930 vikaja vyama vya taarab, Egyptian na Al Watan, na upinzani wao ukawa gumzo la mji.

Tuwe wakweli hapa, maana historia si ya kupambwa kama bi harusi. Si kila sherehe ya zamani ilikuwa rahisi. Mombasa vyama vya lelemama vilishindana kwa karamu na mavazi mpaka dhahabu za watu zikatoka masandukuni. Wazee wa dini walikemea, na waume walilalamika. Ugonjwa wa kushindana hatukuuleta sisi. Uwanja ulikuwa bure, uani ulikuwa bure, mikono ilikuwa bure. Kilichowafilisi watu ni kutaka kumpita jirani. Na hilo ndilo tulilolirithi kwa ukamilifu, huku uwanja na uani tukivipoteza.

Alipopita Bibi Titi

Katika watu wa ngoma za Dar es Salaam alikuwemo binti mmoja wa Kiislamu aliyezaliwa mwaka 1926. Alikuwa na sauti nzuri na aliongoza kuimba katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Jina lake Titi binti Mohamed.

Chama cha TANU kiliundwa hapo hapo pembeni ya Mnazi Mmoja mwezi wa Julai 1954. Mwaka uliofuata alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wako wapi wanawake wa chama. Hawakuwa na la kumwonyesha. Ndipo Bibi Titi akapewa kazi ya kuongoza tawi la wanawake.

Sasa fikiria. Wanawake wengi wa Kariakoo, Ilala na Gerezani walikuwa ndani, wengine hawajui kusoma, na waume zao hawapendi waende mikutanoni. Utawapata vipi? Bibi Titi hakupita mlango kwa mlango akiwa mgeni. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, wanawake waliojua tayari kukusanya michango, kutunza hesabu, kupeleka habari uani kwa uani, na kuwatoa watu kwa siku moja wakiwa na khanga za aina moja. Ilipofika Oktoba 1955, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiunga na TANU.

Tunapenda kuikumbuka hesabu hii kila mtu anapodharau "mambo ya shughuli za wanawake". Mtandao ule haukujengwa na siasa. Ulijengwa na harusi, maulidi, misiba na ngoma za jioni. Siasa ziliukuta umekwisha kusimama. Sherehe za fedha kidogo zililazimisha watu wategemeane, na waliokwisha kutegemeana kwenye pilau wakaweza kutegemeana kwenye uhuru. Kodi ya ukumbi haijengi kitu hicho. Unalipa, unakaa mezani, unakula, unaondoka, na aliyekaa meza ya pili hujui jina lake.

Idi ya miguu

Shangazi alituhesabia Idi ya utotoni kwa watoto wake. Asubuhi ni sala. Halafu kuzunguka nyumba za jamaa kwa miguu, kila nyumba kikombe kimoja cha chai na sarafu moja. Baada ya adhuhuri, Mnazi Mmoja: pembea, malai, karanga, kashata, mapulizo. Aliyebaki na nguvu alipelekwa mpaka pwani kutazama meli zikiingia bandarini, au kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, akimbie chini ya miti mpaka magharibi. Jumla yake ilikuwa sarafu chache na viatu vilivyochakaa.

Na hili si la utamaduni tu. Katika Hadithi ya Ummu Atiyya, radhi za Allah ziwe juu yake, Mtume (S.A.W.) aliamuru wanawake watolewe katika Idi mbili, wasichana na waliomo majumbani, hata wenye hedhi, waishuhudie kheri na dua ya Waislamu ijapokuwa hawasali. Akaulizwa kuhusu asiyekuwa na jilbabu ya kutokea. Jibu likawa mwenzake amvishe katika yake. Hakuambiwa abaki ndani mpaka apate nguo. Aliambiwa aazimwe.

Na ewe bi harusi mtarajiwa, soma habari ya walima wa Bibi Safiyya. Mtume (S.A.W.) alikuwa safarini akirudi kutoka Khaybar. Watu waliambiwa kila mwenye kitu akilete. Huyu akaja na tende, yule na samli, mwingine na maziwa makavu, vikachanganywa na kutandazwa juu ya ngozi, wakala. Huo ndio uliokuwa walima wa mbora wa viumbe, na hakuna aliyeandika kwamba ulipungua kitu.

Kilichobaki

Kariakoo ya leo si ile. Jengo la soko alilolisanifu Beda Amuli, lililofunguliwa katikati ya miaka ya 1970, liliungua Julai 2021. Nyumba za Kiswahili zimevunjwa moja moja, yakaota maghorofa yenye maduka chini na bohari juu. Shangazi sasa anaishi ghorofa ya nne mahali ilipokuwa nyumba yake, na uani umekuwa ngazi. Ukitaka kumsinga mwali, utamsingia wapi? Kwa hiyo hatusemi kwamba kila anayekodi ukumbi ni mfujaji. Wengine hawana pa kutandika mkeka, na stara ya wanawake inahitaji kuta.

Lakini yapo yasiyohitaji uani. Zamu haihitaji uani. Kuazimana hakuhitaji uani. Khanga bado inauzwa Mtaa wa Uhuru. Uwanja wa Mnazi Mmoja bado upo, na barabara inayopita ubavuni mwake sasa inaitwa Bibi Titi Mohamed. Kila daladala inayopita hapo inamtaja mwanamke aliyeanzia kwenye ngoma za mtaani.

Tuliporudi Unguja tuliiweka ile karatasi mbele ya mdogo wetu na kumsimulia yote. Tulitegemea machozi, maana rafiki zake wote wamefanyiwa ukumbini. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali moja: "Uwani kwa bibi wanaingia watu wangapi?" Tukahesabu kwa mikeka. Wanaingia mia na ishirini wakibanana.

Alichukua kalamu akaufuta mstari wa kwanza. Chini yake akaandika majina ya watakaokuja kupika, na mbele ya kila jina, harusi ambayo sisi tulikwenda kuwapikia. Orodha ilikuwa ndefu kuliko tulivyodhani. Tulikuwa tunadaiwa na tunawadai watu wengi, na tulikuwa tumesahau.

Allah awabarikie maharusi wote, awape kheri ndani ya kidogo na awaepushe na madeni ya usiku mmoja. Aamin.